Picha ya Kifua Haimtaji Mkosaji: Funzo Kutoka Mipaka ya Nchi Jirani

Katika miezi ya Aprili na Mei ya mwaka 2020, barabara kuu itokayo bandari ya Mombasa kuelekea Uganda, Rwanda na Kongo ilijaa malori yaliyosimama. Katika mji wa mpakani wa Malaba, foleni ya semitrela ilinyooka kilomita nyingi ndani ya ardhi ya Kenya. Madereva na utingo wao walipika, wakala na kulala kando ya magurudumu, wakingojea jibu la maabara. Askari waliokuwa zamu mpakani walikabidhiwa kazi ngumu isiyo na mfano katika mafunzo yao: kumzuia mtu ambaye hakohoi, hana homa, anacheka na wenzake, na ambaye nyuma yake amebeba mafuta au dawa zinazongojwa na maelfu ya watu mbele ya safari.

Mwanzoni Uganda iliwaruhusu madereva waendelee na safari baada ya kutoa sampuli. Majibu yalipotoka, baadhi ya waliopatikana na virusi vya UVIKO-19 walikuwa wamekwisha kuingia mbali ndani ya nchi, na ikabidi wasakwe barabarani mmoja mmoja. Baadaye ikaamriwa kwamba kila dereva asubiri jibu lake palepale mpakani. Kenya nayo, tarehe 16 Mei mwaka huohuo, iliifunga mipaka yake na Tanzania na Somalia kwa wasafiri, ikaruhusu malori ya mizigo peke yake, kwa sharti kwamba madereva wapimwe. Kila saa iliyopotea katika foleni hizo ilikuwa na bei yake kwa wakulima, wafanyabiashara na wagonjwa wa nchi zisizo na bahari.

Katika hali kama hiyo ni jambo la kawaida mtu kuuliza: kwa nini watu wangojee siku nzima, au siku mbili na tatu, jibu la maabara, ilhali picha ya eksirei ya kifua hupatikana kwa dakika chache? Ugonjwa ni wa mapafu, na eksirei huonyesha mapafu. Basi si mtu apigwe picha, aonekane ana ugonjwa au hana, kisha apite au azuiliwe?

Swali hilo halistahili kuchekwa, hasa likiulizwa na askari. Katika majeshi mengi ya dunia, picha ya kifua ni miongoni mwa vipimo ambavyo kijana hukutana navyo siku anapoandikishwa. Kwa miaka mingi picha hiyo imetumika kuwatenga wenye kifua kikuu kabla hawajaingia katika hanga moja na wenzao. Askari hukua akijua kwamba aliye na picha safi amefaulu, na mwenye doa amerudishwa nyumbani. Hata hivyo, linapokuja suala la magonjwa ya kupumua yaletwayo na virusi, imani hiyo yaweza kuwapoteza watu, na katika maisha ya kambini kupotea huko huweza kuugharimu uhai wa mtu.

Ili kuelewa sababu, yafaa kwanza kufahamu picha yenyewe ni kitu gani. Mionzi ya eksirei iligunduliwa na mtaalamu wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, mwezi wa Novemba mwaka 1895. Mionzi hiyo hupenya kwa urahisi mahali penye hewa, na huzuiliwa mahali penye kitu kizito kama mfupa au maji. Kwa kuwa mapafu ya mtu mzima wa afya yamejaa hewa, huonekana meusi katika picha, na mbavu na moyo huonekana vyeupe. Mapafu yakivimba, au vifuko vyake vidogo vya hewa vikijaa maji au usaha, weusi ule hufunikwa na wingu jeupe. Mashine kubwa zaidi, iitwayo siti skani, hutumia mionzi hiyohiyo kuukata mwili kwa picha nyembamba nyembamba, ikaonyesha mawingu madogo ambayo eksirei ya kawaida haiwezi kuyaona.

Basi kinachoonekana katika picha ni wingu tu. Kirusi cha UVIKO-19 kina upana wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na hakuna mashine ya kupiga picha ya kifua inayoweza kukiona. Picha huonyesha uharibifu uliokwisha kufanyika, lakini haimtaji aliyeufanya. Askari mpelelezi analifahamu jambo hili vizuri. Akifika katika duka lililovunjwa, hukuta mlango uliong'olewa na nyayo zilizotapakaa. Vitu hivyo humhakikishia kwamba wizi umefanyika, na pengine humwonyesha njia iliyotumika. Lakini nyayo za kiatu kinachouzwa kila soko hazimpi jina la mwizi. Akimkamata mtu wa kwanza anayevaa kiatu cha namna hiyo, huenda akamfunga asiye na hatia, na mwizi akaendelea na shughuli zake.

Ndivyo ilivyo kwa wingu jeupe katika pafu. Laweza kuletwa na kirusi cha UVIKO-19, au na virusi vya mafua makali, au na virusi vingine vya kupumua. Laweza kuletwa na bakteria wanaosababisha nimonia, na hao hutibiwa kwa antibiotiki ambazo haziviui virusi kabisa. Laweza kuletwa na kifua kikuu, au na kuvu wanaowashambulia watu waliopungukiwa kinga, au na maji yanayojaa mapafuni moyo unaposhindwa kusukuma damu. Daktari bingwa wa picha anaweza kusema kwamba mtawanyiko fulani wa mawingu, pande zote mbili na pembezoni mwa mapafu, unafanana na wa UVIKO-19. Lakini kufanana si kuwa.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika nchini China mwanzoni mwa mwaka 2020. Mjini Wuhan wagonjwa walikuwa wengi, na vipimo vya maabara vilikuwa haba na vyenye kuchelewa. Katika hali hiyo wakuu wa jimbo la Hubei waliamua kuwahesabu hata wale waliotambuliwa na madaktari kwa dalili zao na kwa picha za siti skani. Matokeo yake, hesabu iliyotangazwa tarehe 13 Februari iliongezeka kwa wagonjwa karibu 15,000 kwa siku moja. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake: katika mji ambamo ugonjwa mmoja umewaangusha watu kila mtaa, mtu anayekohoa na mwenye wingu la namna ile ana uwezekano mkubwa wa kuwa na ugonjwa huohuo, na kumwacha bila kitanda ni hatari zaidi kuliko kumdhania vibaya.

Lakini mantiki ya Wuhan haifuati msafara hadi kila mahali. Utafiti mmoja uliofanywa mjini humo juu ya wagonjwa 1,014 uligundua kwamba siti skani iliwabaini wagonjwa 97 katika kila 100 waliothibitishwa na maabara. Tarakimu hiyo ilisambaa duniani na kuwavutia wengi. Tarakimu ya pili ya utafiti huohuo haikusambaa sana: miongoni mwa wale ambao maabara haikuwakuta na virusi, ni 25 tu katika kila 100 ambao siti skani iliwaona hawana ugonjwa. Ni kweli kwamba kipimo cha maabara nacho huwakosa wagonjwa wengine, hivyo tarakimu hiyo yaweza kuwa kali kupita kiasi. Hata hivyo mwelekeo wake uko wazi.

Na ichukuliwe zahanati yenye watu 100 wanaokohoa, ambamo watu 10 ndio wenye UVIKO-19. Kwa kipimo chenye sifa hizo, karibu wote 10 watanaswa. Lakini katika wale 90 waliosalia, zaidi ya 65 nao watanaswa bila ugonjwa huo. Wakiwekwa wote katika chumba kimoja cha karantini, wale waliokuwa salama watakuwa wamepelekwa kwa virusi kwa amri ya serikali.

Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa huja na sura ya amani. Ni picha iliyo safi. Virusi huanza kuzaana puani na kooni, na mtu anaweza kuwaambukiza wengine kabla mapafu yake hayajaguswa. Katika uchunguzi mwingine uliofanywa China juu ya wagonjwa 121 waliothibitishwa, zaidi ya nusu ya wale waliopigwa siti skani katika siku mbili za kwanza za dalili walikuwa na mapafu yasiyo na doa. Eksirei ya kawaida, ambayo ndiyo inayopatikana katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, huona kidogo zaidi. Hong Kong, katika wagonjwa 64 waliochunguzwa, eksirei ya kwanza ilionyesha kasoro kwa 69 tu katika kila 100, wakati kipimo cha kwanza cha maabara kiliwabaini 91 katika kila 100. Na hao walikuwa wagonjwa waliokwisha kulazwa hospitalini, si madereva wazima wanaoendesha malori.

Kuhusu watu wasio na dalili, meli ya abiria Diamond Princess ilitoa ushahidi. Meli hiyo ilizuiliwa katika bandari ya Yokohama, Japani, mwezi wa Februari 2020 ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 miongoni mwao waliambukizwa. Wataalamu wa Japani walipochunguza picha za siti skani za watu 82 walioambukizwa ambao hawakuwa na dalili yoyote, waliona mawingu kwa zaidi kidogo ya nusu yao. Nusu nyingine walikuwa na virusi mwilini na mapafu yao yalionekana salama. Mpaka unaotegemea picha ungewafungulia lango hao wote, tena kwa cheti mkononi.

Kipimo cha maabara kiitwacho PCR hufuata njia tofauti. Kijiti chenye pamba huingizwa puani au kooni, na katika ute uliopatikana wataalamu hutafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe. Chembe hizo hunakiliwa tena na tena, mara mamilioni, hata zikaweza kutambuliwa. Mbinu hiyo ya kunakili ilibuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kwa mpelelezi, hii ndiyo alama ya kidole iliyoachwa mezani: haisemi duka limeharibiwa kiasi gani, lakini inamtaja aliyeingia.

Hata alama ya kidole ina masharti. Kijiti kikiingizwa vibaya, au sampuli ikichukuliwa mapema mno au kwa kuchelewa, au ikiharibika njiani kwa joto, jibu laweza kusema hakuna kirusi ilhali kipo. Vilevile mtu aliyekwisha kupona anaweza kuendelea kuonekana na mabaki ya kirusi kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo hakuna kipimo kinachomwondolea daktari wajibu wa kumtazama mgonjwa, kumuuliza alikuwa wapi na nani, na kumpima tena inapobidi.

Kwa kuyazingatia hayo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwezi wa Juni 2020 juu ya picha za kifua. Lilishauri kwamba mtu asiye na dalili aliyekutana na mgonjwa asipigwe picha kwa nia ya kumtambua. Mwenye dalili naye asitegemewe kutambuliwa kwa picha iwapo kipimo cha maabara kipo na jibu lake linapatikana kwa wakati. Picha itumike pale maabara haipo, au majibu yanachelewa, au jibu la kwanza limesema hakuna kirusi lakini daktari bado ana shaka kubwa. Tena itumike kumsaidia daktari kuamua kama mgonjwa alazwe, au apelekwe kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa maneno mengine, picha ina kazi yake na isidharauliwe: hupima ukubwa wa uharibifu, hufuatilia kama mgonjwa anapata nafuu au anazidiwa, na hufichua matatizo mengine, kama vile maji kandokando ya pafu au pafu lililosinyaa.

Nchi jirani zilipojifunza hayo, hazikutafuta njia ya mkato kwa kamera. Zilijitahidi kuisogeza maabara karibu na barabara. Uganda ilikuwa na akiba ya thamani kubwa: Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano, na ambayo wataalamu wake waliitambua Zika mwaka 1947. Hapo ndipo sampuli za madereva zilipopelekwa. Lakini kutoka Malaba hadi Entebbe ni zaidi ya kilomita 200, na umbali huo ndio uliokuwa unazaa foleni. Mwezi wa Mei 2020, Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawa kwa nchi wanachama maabara 9 za kuhamishika zenye uwezo wa kupima Ebola na UVIKO-19. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutumia vipimo vya haraka vinavyotafuta protini za kirusi, ambavyo hutoa jibu kwa muda wa nusu saa hivi. Vipimo hivyo huwakosa wagonjwa wengi kuliko PCR, lakini vinamtafuta mkosaji mwenyewe.

Hali ya dharura ya kimataifa ya UVIKO-19 ilitangazwa kumalizika tarehe 5 Mei 2023. Hata hivyo virusi vya kupumua havikumalizika, na hakuna mahali vinapopenda kuingia kama kambi ya jeshi na kituo cha polisi. Mafua makuu ya mwaka 1918 yalienea pamoja na majeshi, katika makambi na katika meli zilizobeba askari, hata yakafika Afrika Mashariki. Sababu hazijabadilika: watu wengi wanalala katika hanga moja, wanakula katika bwalo moja, wanapanda gari moja kwenda doria, na mahabusu hubanana katika chumba chenye dirisha dogo.

Hapo ndipo makosa mawili ya picha yanapogeuka kuwa maafa. Kosa la kwanza ni la askari anayekohoa, anayepigwa eksirei, na picha ikatoka safi. Anaambiwa hana kitu, anarudishwa hangani usiku uleule. Baada ya siku chache nusu ya kombania iko kitandani, na lindo halina watu. Picha safi isichukuliwe kuwa ruhusa ya kurudi kwa wenzake. Mwenye homa na kikohozi atengwe kwanza, apimwe kwa kijiti, na madirisha yafunguliwe.

Kosa la pili ni la askari au mahabusu ambaye picha yake ina wingu, na kwa kuwa ni msimu wa mafua, wote wanakubaliana kwamba ni mafua tu. Anapewa dawa ya kushusha homa na kuambiwa apumzike. Kumbe ni kifua kikuu. Katika nchi za ukanda huu ambamo kifua kikuu kingali kinaua, kosa hilo humwacha mgonjwa adhoofike kwa miezi, huku akiwapumulia wenzake bakteria kila usiku. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazosoma eksirei na kuonyesha mahali penye shaka ya kifua kikuu, na Shirika la Afya Duniani liliziidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2021. Lakini hata zenyewe huishia kwenye shaka tu. Uthibitisho hutoka katika makohozi yanayopimwa maabara. Anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi apimwe makohozi, iwe picha yake imesema nini.

Kipo pia chombo kidogo ambacho mganga wa kikosi hana budi kuwa nacho kabla ya kuifikiria mashine yoyote kubwa. Ni kile kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni iliyomo katika damu. Hakimtaji mkosaji, lakini kinasema ni nani anayekufa. Mtu mzima ambaye kipimo chake kimeshuka chini ya 90 katika 100 yumo hatarini, na anahitaji oksijeni na gari la wagonjwa wakati huohuo, bila kungojea picha wala jibu la maabara. Katika janga la UVIKO-19 walikuwapo wagonjwa waliokuwa wakizungumza vizuri huku oksijeni yao imeshuka kiasi cha kutisha.

Mkuu wa kituo au wa kikosi hana haja ya kuwa daktari ili kuyatumia mafunzo haya. Inatosha ajiulize, kila aletewapo karatasi ya kipimo, karatasi hiyo inajibu swali gani. Akitaka kujua kama mapafu yameharibika, aiamini picha. Akitaka kujua ni mdudu gani aliyeyaharibu, au kama mtu huyu ataambukiza hanga zima, picha haina jibu, na kuilazimisha itoe jibu ni sawa na kumlazimisha shahidi aliyefika baada ya tukio ataje jina la mtu ambaye hakumwona.

Madereva wa Malaba walisubiri kwa shida na kwa manung'uniko, na manung'uniko yao yalikuwa na haki. Dawa ya adha yao ilikuwa kuileta maabara mpakani na kuiongezea watumishi. Serikali ambayo ingewapitisha kwa picha ingeondoa foleni barabarani na kuipeleka mlangoni mwa hospitali.